Joho la Mchunguzi wa Mashakani

Msiniulize nilifikaje Mashakani. Nilifika. Habari za njiani ni za watu wa kujisifu, na mimi ni fundi cherehani wa Muheza, nguo zangu hunisifu zenyewe. Nitasema niliyoyaona kwa macho haya mawili, na asiyetaka kuamini shauri yake. Kutoaminiwa nimekwisha kukuzoea hukohuko.

Watu wa Mashakani hawaamkiani kama sisi. Hakuna shikamoo wala hujambo. Mtu akikutana nawe anakukazia macho na kukuuliza, "Nani kakutuma?" Unamtaja aliyekutuma, kisha nawe unamuuliza vilevile. Siku yangu ya kwanza nilikwenda dukani kununua mkate, muuza duka akaniuliza nani kanituma. Nikamjibu kwa hasira za mtu ambaye hajala tangu jana: "Njaa!" Akafungua daftari, akalamba kalamu, akaniuliza, "Njaa binti nani? Anakaa mtaa gani?" Nilidhani ananitania. Hakuwa na utani hata chembe. Mkate niliupata baada ya mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kunihurumia, akasema, "Mpe bwana. Nimemtuma mimi."

Mama huyo ndiye Bi Mwatime, mtunza wodi ya wanawake katika hospitali ya mji. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa na chumba cha kupangisha. Nikapanga kwake, nikaweka cherehani yangu barazani. Ndiye aliyenifahamisha sheria kubwa ya nchi yao.

"Kwetu aliyetumwa hana kosa," aliniambia. "Kosa ni la aliyemtuma. Ndiyo maana tunaulizana. Na ukitumwa, lazima ukimaliza umrudishie majibu aliyekutuma, kwa sauti, watu wasikie. Ukinong'ona, mnapanga njama."

"Na mtu ambaye hakutumwa na yeyote? Kajiendea mwenyewe?"

Alicheka kidogo. "Huyo, fundi, ndiye anayeogopwa kuliko mwizi. Mwizi tunajua anataka nini."

Mambo yao mengine nitayapitia juujuu. Nyumba zao zina milango miwili, ili mwenye nyumba amwone mgeni anayeingia na anayetoroka. Bwana harusi huja na shahidi wa kumchunguza bibi harusi, bibi harusi naye huja na shahidi wa kumchunguza yule shahidi. Nilimshonea kanzu bwana mmoja, akaja na fundi mwingine kunitazama nikishona, na siku ya pili fundi yule akaja na wake. Mpaka kanzu inakwisha barazani kwangu walikuwa wamejaa mafundi wanne, na mshonaji ni mimi peke yangu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Nilifika wakati wa kampeni. Chama kilichokuwa na serikali kiliitwa Chama cha Kinu, nacho kilikuwa kinaomba kirudishwe. Mji mzima ulivaa mashati ya kahawia yenye picha ya kinu kifuani, mashati ya kugawiwa bure. Mimi siasa za watu hazinihusu, lakini shati ni shati. Jirani mmoja alipita na lake, nikamwita, nikashika upindo. Pamba nzito, na pembeni mstari mwembamba wa kijani uliofumwa humohumo, si wa kuchapwa. Nikajisemea, kitambaa hiki hakikufumwa ili kiwe shati. Kitambaa hiki kilikuwa na kazi nyingine.

Kesho yake nikaijua kazi hiyo. Bi Mwatime alisahau chakula chake nyumbani, nikampelekea wodini. Wanawake thelathini walikuwa wamelala juu ya magodoro ya mpira, matupu. Joto lile! Ngozi zao zilinata. Kwenye kitanda cha kwanza kulikuwa na kikongwe aliyevunjika nyonga, Bi Kazija, anajaribu kujigeuza na mpira unamvuta. Nikasogea kumsaidia.

"Nani kakutuma?" akafoka.

"Hakuna, bibi. Nimekuona tu unapata tabu."

"Umeniona tu! Usiniguse." Akageukia ukutani, na kugeuka kwenyewe nikasikia ngozi ikibanduka. Niliona uchungu hadi machozi yakanilenga.

Kabatini lilikuwa limebaki shuka moja, la maiti, limekunjwa. Pamba nzito, mstari wa kijani pembeni, na kwenye kona muhuri: WODI YA WANAWAKE. LISITOKE NJE.

Bi Mwatime alinihadithia yote akiwa anakula. Asubuhi moja alikuta kabati limebaki na shuka lile la maiti tu, mashuka sitini na mawili yamekwenda. Akaandika barua kwa mganga mkuu. Barua yenyewe ilikuwa ya sentensi moja: "Sisi wa wodi ya wanawake, kwa niaba ya wananchi tunaowahudumia, tunaomba mashuka." Basi. Hakumtuhumu mtu. Lakini mganga mkuu aliisoma, akajiuliza nani kamtuma, akaogopa, akaipeleka wilayani. Wilaya ikaogopa ikaipeleka wizarani. Huko njiani nakala ikaangukia mikononi mwa Mheshimiwa Zogolo, kiongozi wa upinzani, naye akaisoma Bungeni huku amevaa shati la kahawia, upindo kaugeuza nje. Kufumba na kufumbua, ombi la mashuka likawa tuhuma dhidi ya kampeni ya Serikali, na Bi Mwatime akawa mlalamikaji.

"Na kuwa mlalamikaji kuna ubaya gani?" nikamuuliza.

Aliweka tonge chini. "Kuna sheria inasema, aliyeona kwanza ndiye aliyejua kwanza. Serikali isipokutwa na hatia, basi mashuka nimeiba mimi. Miaka saba."

Nilikwenda Bungeni kusikiliza wakijadili uchunguzi huo, nikakaa juu pamoja na wananchi. Katiba yao ni nzuri mno. Inasema wazi kwamba Serikali ikiwa kwenye kampeni itachunguzwa kama mtu mwingine yeyote. Ila isichunguzwe kabla kampeni hazijakwisha, maana hiyo ni kuvuruga kampeni. Wala isichunguzwe baada ya kura, maana hiyo ni kuwadharau waliopiga kura. Imebaki siku moja katikati, wanaiita Siku ya Kuuliza, tangu jua lichomoze hadi litue.

Mheshimiwa Zogolo akasimama akataka uchunguzi ufanywe na mtu asiye na upande. Ukumbi ulilipuka! Hata watu wa upande wake walipiga meza kwa hasira. Waziri mmoja mnene akainuka, mkono kifuani, kama aliyetukaniwa mama.

"Asiye na upande!" akasema. "Mheshimiwa Spika, huyo akipinda, tutajuaje kapindia wapi? Mtu anayeteuliwa na Serikali, kila mmoja wetu anajua nani kamtuma. Huyo ndiye wa kuaminika!"

Wakapiga makofi pande zote mbili. Mimi huko juu nikaguna kwa sauti: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Jirani yangu akaniuliza mara moja nani kanituma nigune.

Basi akateuliwa Mheshimiwa Pongwa, jaji mstaafu, na Serikali ikaahidi kumshonea joho jipya.

Habari kwamba kwa Bi Mwatime amepanga fundi anayejua vitambaa zilienea. Kwanza alikuja Mheshimiwa Zogolo, na mpiga picha nyuma yake. Akanishika bega. "Fundi, wewe utasimama shahidi. Ukiulizwa, sema nimekutuma mimi. Ila ongeza na vitanda. Sema vitanda vya chuma navyo vimeyeyushwa vikawa mabango."

"Vitanda nimeviona, viko wodini," nikamwambia.

"Fundi, shuka peke yake halitoshi kuiangusha serikali."

Hakuuliza Bi Kazija amelaliaje. Nikamwonyesha mlango, ule wa pili.

Halafu akaja Wakili Sengo, mwanasheria wa Serikali, mtu mpole anayenukia marashi. Huyu hakukaa. "Ukiulizwa, sema nimekutuma mimi. Utaeleza kitaalamu jinsi nondo wanavyokula pamba. Hata mashuka sitini na mawili, wakiwa na njaa." Naye nikamwonyesha mlango.

Sasa hapa ndipo pa kunitia aibu, na nitapasema, maana nimeahidi kusema niliyoyaona, na mimi mwenyewe nimo. Mtu ukikaa Mashakani huwezi kubaki ulivyokuja. Nilianza kumtazama Bi Mwatime kwa jicho la pembeni. Kwa nini alinisemea dukani nikapata mkate siku ile? Kwa nini kipande kikubwa cha samaki hunipa mimi? Huenda alikuwa akimtafuta fundi tangu mwanzo. Huenda mashuka anayo. Asubuhi moja alipokwenda kisimani nikaingia chumbani kwake, nikafungua sanduku. Kanga mbili. Picha ya marehemu mumewe. Barua za mwanawe aliyeko mbali. Kitandani hakuna hata godoro, ni mkeka na kanga kuukuu ya kujifunika.

Nilipogeuka alikuwa mlangoni, ndoo kichwani.

"Ungeniuliza, fundi," akasema. "Ningekufungulia mwenyewe."

Akaenda kumimina maji. Nilitamani ardhi ipasuke. Mchana ule tena nilipewa kipande kikubwa cha samaki, nikashindwa kukimeza.

Siku ya Kuuliza ukumbi ulijaa. Pongwa akaingia na joho lake jipya jeusi, akatamka maneno ya kufungulia: "Mimi nimetumwa na Serikali." Watu wakamshangilia kwa imani kubwa. Bi Mwatime alikaa kwenye kiti cha mlalamikaji, mikono mapajani, viatu vyake vya kazi miguuni.

Mashahidi waliletwa, na kila mmoja aliulizwa salamu ileile. Mfagizi aliyeona gari likipakia mashuka: nani kakutuma? Nimejileta. Akaondolewa. Jirani yangu mwenye shati: nani kakutuma? Akamtazama Sengo, akasema shati lile alizaliwa nalo. Ushahidi wake ukapokelewa. Mpaka adhuhuri nilipoitwa mimi.

"Nani kakutuma?" akauliza Pongwa.

Bi Mwatime aliinua uso. Nilijua nikimtaja yeye nimemmaliza, maana shahidi wa mlalamikaji ni mwenzi wa mwizi. Nikasema, "Hakuna. Mimi ni fundi, nimeshika kitambaa, nakijua."

Ukumbi ukanung'unika. Wakili Sengo akasimama taratibu. "Mheshimiwa, mtu huyu ametoka nchi nyingine, kwa nauli yake, kuja kusema habari za upindo, na anadai hakuna aliyemtuma. Mimi naogopa. Sijui wenzangu."

Waliogopa wote. Nikatolewa, nikasimama ukutani na ghadhabu zangu. Jua likawa linapinda. Saa kumi ikapita. Hakuna shahidi aliyebaki, na karani alikwisha kuandaa karatasi ya kifungo cha Bi Mwatime, nafasi ya jina tu ndiyo iliyobaki.

Pongwa akainua mkono kufunga uchunguzi. Prrr! Joho likachanika kwapani, kutoka mkono hadi kiunoni.

Msicheke, wao hawakucheka. Iko sheria kwamba Mchunguzi hatamki neno la kufunga uchunguzi akiwa wazi. Joho lilishonwa haraka, kwa uzi mbovu, kwa mishono mipana ya mtu aliyekuwa akishona mashati mengi kwa siku. Mimi niliuona tangu asubuhi, mshono huo, na ulinikera. Karani akapiga kelele, "Fundi! Yuko fundi humu?"

Nikanyoosha mkono. Ukumbi wote ukageuka: "Nani kakutuma?"

"Nimemtuma mimi!" akafoka Pongwa, kwapa limeachama. "Mimi, Mchunguzi! Shona haraka, jua linatua!"

Karani akaandika. Nilimwangalia mpaka akaweka nukta.

Akanivulia joho. Nikaligeuza nje ndani, ndivyo ifanywavyo. Na hapo kwapani, chini ya rangi nyeusi, mstari mwembamba wa kijani. Karibu na mstari, muhuri. Wino wa muhuri ule ni wa kudumu, rangi ilikuwa imekataa kuufunika. Nikasimama wima.

"Mheshimiwa," nikasema, "umenituma, nakurudishia majibu kwa sauti kama sheria yenu inavyotaka. Joho lako ni shuka la hospitali. Limeandikwa: Wodi ya Wanawake. Lisitoke nje."

Bi Mwatime alifunika mdomo kwa mkono. Nilisikia mwanamke nyuma akinong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako," na mwingine akimuuliza nani kamtuma aseme hivyo. Lakini hawakuwa na pa kukimbilia: shahidi katumwa na Mchunguzi, imeandikwa, ina nukta. Nilijiona nimeshinda, wallahi. Nilimtazama Bi Mwatime nikatabasamu.

Wakili Sengo hakutaharuki. Alifuta miwani yake.

"Tusiipuuze sheria," akasema. "Aliyetumwa hana kosa. Fundi katumwa na Mchunguzi. Mchunguzi, joho hilo ulijishonea?"

"Nilipewa na Serikali," akasema Pongwa, amebaki na fulana.

"Vema. Basi tuiulize Serikali. Serikali imetumwa na nani?"

Sengo akaugeukia ukumbi, akaunyooshea mikono kama mtu anayekaribisha wageni. "Imetumwa na wananchi! Kura tulizopigiwa ndizo zilizotutuma. Tena kesho mtatutuma upya. Kwa hiyo kosa lipo, Mheshimiwa, nalo limethibitishwa. Mashuka ya wananchi yameibwa na wananchi."

Ala! Nilingoja wamzomee. Nikaona nyuso zinafikiri. Mzee mmoja aliyevaa shati la kahawia akaanza kujitazama mikono. Wapinzani wakaridhika kwa sababu kosa limethibitishwa, Serikali ikaridhika kwa sababu si lake, na Mheshimiwa Zogolo akatoka nje upesi kuwatangazia watu wa magazeti ushindi.

"Lakini gereza haliwatoshi wananchi," akasema Pongwa kwa wasiwasi, akitazama dirishani. Jua lilikuwa limegusa mapaa.

"Hapana haja," akasema Sengo. Akachukua ile barua mezani, barua ya sentensi moja, akaisoma tena polepole. Alipofika mahali fulani akaweka kidole. "'Kwa niaba ya wananchi.' Mkono ni wake mwenyewe. Hakulazimishwa. Yeye ndiye anayesimama badala yao."

Karani akajaza jina.

Nilipiga kelele. Nilimwita Sengo majina ambayo marehemu mama yangu asingependa kuyasikia kinywani mwangu. Kila jina karani aliniuliza nani kanituma, nami nikamjibu, "Wewe! Nyie! Wote!" Askari wawili wakanishika. Bi Mwatime aliinuka mwenyewe, akanyoosha gauni lake la kazi. Alipopita mbele yangu akasimama.

"Fundi, hilo joho umelimaliza?"

"Bado," nikasema. "Nisamehe. La sanduku. Nisamehe."

"Yamepita hayo. Usilimalize joho." Akaligusa upindo kwa vidole viwili. "Hili ni moja kati ya sitini na mawili. Nakutuma. Lirudishe mahali pake."

Wakamchukua. Ukumbi ukawa mtupu, na hakuna aliyekuja kulidai joho, kwa sababu atakayesema ni lake angeulizwa kalipata kwa nani. Nikaliweka kwapani nikatoka.

Kesho yake ilikuwa siku ya kura. Niliipita foleni ndefu ya mashati ya kahawia, kila mtu anamkagua aliye mbele yake. Nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikafumua mishono yote, mmoja mmoja, nikauosha ule weusi kwenye karai mara tano. Haukutoka wote, shuka lilibaki kijivu. Nikalianika, nikalipiga pasi, nikaingia nalo wodini.

Bi Kazija alikuwa macho, kitanda cha kwanza, juu ya mpira. Alinitazama mimi, akalitazama shuka.

"Nani kakutuma?"

"Bi Mwatime," nikasema kwa sauti, wodi nzima isikie.

Akanyoosha mkono, akaipapasa ile kona mpaka vidole vikaupata muhuri.

"Basi nigeuze," akasema, "utandike."